Kumshika Mkwe Motoni

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa msaidizi wa misitu huko milimani juu ya Lushoto. Kila kiangazi kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watu kuzima moto bila kufa. Mikutanoni nilipewa nafasi baada ya hotuba zote, watu wakiwa wameshasimama kukung'uta nguo. Nikasema yaleyale: moto hupanda mlima mbio kuliko mtu, msisimame juu yake, hasa kwenye korongo. Msivae nailoni, huyeyuka ikagandia mwilini. Mkizidiwa, ingieni palipokwisha kuungua, hapo hapana cha kuwaka tena. Wakapiga makofi, wakaenda zao.

Siku hiyo mtu alichoma magugu shambani kwake, moto ukamponyoka ukaingia kwenye misonobari ya serikali. Kijiji kizima kikaja na majembe na matawi mabichi. Nikaanza kuwapanga ubavuni mwa moto. Sijamaliza, mwenyekiti wa kijiji akapaza sauti: "Twendeni juu tukauzibie njia!"

Wakapanda. Mama mkwe wangu alikuwa miongoni mwa wa mbele, kavaa gauni lake la nailoni la Idi, akaenda kusimama kwenye mdomo wa korongo.

Kwetu mkwe haguswi. Ukikutana naye njiani, unampisha. Nikamtuma mke wangu.

"Mwambie mama ashuke, aingie pale palipoungua asubuhi."

Mke wangu akapanda, akarudi anahema. "Anasema majivu yatamchafua. Tena aliyewaita ni mwenyekiti, si wewe."

"Mwambie upepo utageuka!"

"Kamwambie mwenyewe," akasema, kisha akakumbuka, akainamisha kichwa.

Jua lilipokuwa kali upepo ukageuka kweli. Nikapiga kelele, "Majivuni! Ingieni majivuni!" Wengi wakanisikia, wakakatiza ubavuni. Mama mkwe akabaki palepale, akilipiga jani linalofuka kwa tawi lake. Nikakimbia, nikamshika mkono, nikamvuta. Alinichapa begani kwa lile tawi, akiita watu waje waone. Sikumwachia. Tulikuwa tumefika majivuni moto ulipolipuka korongoni, ukapita pale alipokuwa amesimama, ukapanda hadi kileleni kwa mvumo mmoja. Mwenyekiti alitoka huko nyusi zimeungua na malengelenge mikononi. Hakufa mtu.

Tukaitwa kikaoni. Nilidhani tutazungumzia moto.

"Ulimshika mkweo mbele za watu," akasema mzee mmoja wa ukoo wao.

"Shikamoo mzee. Angeungua."

"Hatujauliza kuungua. Tumeuliza mkono."

Nikaeleza upepo, nikaeleza korongo, nikachora mlima kwa kijiti mavumbini. Mwenyekiti, mikono imefungwa bendeji, akanikatiza: hayo ya korongo yana siku yake, leo ni siku ya heshima. Nikaamriwa kupeleka mbuzi wa kuomba radhi. Nikampeleka, meno nimeyauma. Mama mkwe alimpokea akiwa nyuma ya mlango, akatuma mtoto aniambie kwamba mbuzi amekonda.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani mke wangu akaangalia huku na huku, akahakikisha njia ni nyeupe.

"Ulifanya vizuri," akasema taratibu. Akatembea kidogo. "Ila ungemshika nguo."

"Ile nailoni?"

Sikuwa na nguvu ya kuanza somo upya.