Taya la Fundi wa Nguo

Kwa miaka ishirini fundi huyu wa nguo aliishi na pini mdomoni. Akipima pindo la gauni, tano sita zilikaa kwenye meno yake, ameziuma kwelikweli, na wateja walimtania kwamba iko siku atameza chakula chenye chuma. Taya lilipoanza kumuuma alilipuuza. Likazidi, hadi kupiga miayo kukawa adhabu.

Nyumbani aliishi na baba yake, mzee aliyekuwa kiziwi, ambaye alifuata maneno kwa kutazama midomo ya binti huyu tu; ya wengine ilimchanganya. Jioni walikaa wakawasema majirani wote, mmoja baada ya mwingine. Sasa binti aliongea huku amekaza meno.

"Fungua mdomo, mwanangu," mzee alimwambia kila mara.

Kliniki, mtaalamu wa fiziotherapia alimkanda mashavu, akamfundisha mazoezi ya taya, kisha akamshauri waongeze sindano: nyembamba, hazina dawa, huchomwa kwenye msuli uliokaza ili ulegee. Mdomo wake ukifunguka hadi mwisho uliingiza kidole kimoja tu, nao ulitakiwa kuingiza vitatu. Fundi alikataa katakata. Mtu anayeshinda na sindano mkononi aliogopa sindano, na aliona haya kukiri, hata kwa baba yake. Akasingizia kazi nyingi, asirudi kwa miezi minane.

Miezi hiyo yote mzee alitazama mdomo uliofungwa, akaelewa alivyoelewa. Asubuhi moja alifungasha nguo zake ahamie kwa mwanawe wa kiume, mji mwingine.

"Umenichoka," alisema mlangoni. "Si vibaya. Ila ungeniambia."

Fundi alijibu kwamba sivyo, lakini kwa meno yaleyale, na mzee hakuambulia kitu.

Ndipo akaenda kuchomwa. Ilikuwa kama kuumwa na sisimizi. Msuli ukaruka, ukalegea. Alilia pale kitandani kwa uchungu wa kujua udogo wa alichokuwa akikikimbia. Baada ya wiki sita za sindano na mazoezi, vidole vitatu viliingia, naye akapanda basi siku hiyohiyo.

Kaka yake alimpokea getini, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba presha ya macho imempofusha mzee tangu mwezi uliopita. Fundi alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake, akamshika mikono hadi akamtambua, akafungua mdomo wote, akasema polepole kwamba hakumchoka hata siku moja, aliogopa sindano tu.

Mzee alielekeza uso kwenye paji la binti yake, akasubiri.

"Fungua mdomo, mwanangu," akasema.