Salamu za Mama Chini ya Wimbo Wangu

Enzi zile za vijiji vya ujamaa mie nilikuwa fundi redio Buguruni, tena fundi mwenye kiherehere. Wenzangu walipiga magitaa kwenye bendi. Mie nilitunga nyimbo kwa redio mbovu. Ukigusa nyaya kwa kidole kilicholowa maji, spika inapiga mluzi, inaguna, inalia, nami nanasa yote kwenye tepu. Majirani walisema nimefuga majini. Wacha waseme! Wimbo niliouona bora kuliko zote ulitokana na mama. Alikuwa anakuna nazi uani, krr, krr, krr, nikaona hiyo ndiyo ngoma yangu. Nikairekodi, nikaipandishia miluzi.

Tepu zilikuwa adimu kama sukari, kwa hiyo nilirekodi juu ya tepu ya zamani. Ndani yake mlikuwa na salamu za mama kwa dada yangu mkubwa, aliyehamia kijijini kusini na mumewe. Hatukuwa tumepata mtu wa kumpelekea. Nikasema, ah, nitamrekodi tena, si yupo hapo uani? Mjinga mie. Nani ahangaike kutunza sauti ya mtu anayemwita kila siku aje ale?

Mwezi haukuisha, mama akafariki. Dada alifika mazishi yameshapita, miguu imemvimba kwa safari.

"Sikumwosha, sikumwona," akaniambia. "Nipe basi salamu zangu. Barua ya mama ilisema ziko kwako."

Ningesema pale pale. Sikusema. Nikamketisha kibandani kwangu, mchana kweupe, nikawasha mashine huku naomba Mungu spika ife.

Miluzi ikaanza, krr, krr. Halafu, pale katikati nilipoacha kimya, mama akasema kwa mbali, kama mtu aliye chumba cha pili: "Mwanangu, sie huku wazima. Wewe je?"

Fundi anajua tepu haifutiki ikaisha kabisa. Lakini wimbo ule nilishausikiliza mara ngapi, na kamwe sikumsikia! Labda hakuwa akisema na mie.

"Mie mzima, mama," dada akamjibu, machozi yanamtiririka. "Rudisha, mdogo wangu."

Mara ya pili sauti ilikuwa imefifia. Hapo nikaelewa. Kichwa cha mashine, kile kinachogusa tepu, kilikuwa kimeshika sumaku, na kikiwa hivyo hufuta kidogo kidogo kila tepu inapopita, sauti hafifu ndiyo hutangulia. Tulikuwa tunamfuta mama kwa kumsikiliza. Neno moja tu, "tuache", lingembakiza. Lakini ningesema hilo, angeuliza miluzi ile imefikaje juu ya salamu zake. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, nami nikaficha.

"Tena," akasema dada.

Nikarudisha.

"Tena."

Mara ya nne ilikuwa nazi na miluzi tu. Dada akainama mpaka shavu lake likagusa spika. Pale katikati palipita kimya kitupu. Akangoja mpaka tepu ikaisha.

"Mbona kanyamaza?"

"Amechoka, dada," nikasema.

Akaniamini. Akajifuta uso kwa kanga, akasema basi tumwache apumzike, kisha akanishika mkono na kunishukuru kwa kumtunzia.