Shimo la Sita Chini ya Msitu

Kituo kizima cha miche kilimwita Bwana Vidole, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa na kazi moja: kushika udongo na kusema ni udongo gani. Wengine wakishika udongo wanachafuka tu. Yeye alikuwa akifumba macho, anausugua kidogo kati ya dole gumba na kidole cha shahada, kisha anakwambia huu ni kichanga, huu mfinyanzi, huu tifutifu, na akiwa amekula vizuri anakwambia hata umechimbwa upande gani wa mlima. Maabara ilikuwa mjini, mbali, na majibu yake yalichukua wiki tatu. Vidole vyake vilichukua dakika kumi. Sasa mtu kama huyo asipovimba kichwa, avimbe nani?

Udongo alioupenda kuliko wote ni ule tifutifu wa mteremkoni, chini ya msitu. Ukimuuliza habari zake, atakueleza mpaka chai yako ipoe. Ukifukua majani makavu unakutana na majani yaliyooza nusu, halafu mboji nyeusi yenye harufu ya mvua ya kwanza. Chini ya hapo ndipo unapoanza udongo wenyewe, wa kahawia iliyokolea, umejaa mizizi myembamba na vijia vya minyoo. Ukiufinya unashikana, ukiubonyeza unaachana. Mvua ikinyesha unayanywa maji yasiporomoke mlimani, lakini haukai nayo kama dimbwi, kwa hiyo mti unapata kunywa na unapata kupumua. Penye mteremko mkali ni mwembamba, jembe halijazama vizuri umeshagonga jiwe; mlima ukitulia kidogo, unachimba mpaka kiunoni na bado upo. "Huu ni udongo wenye adabu," alikuwa akisema. "Haung'ang'anii kitu, wala hautupi kitu."

Laiti na yeye angekuwa hivyo.

Mkewe aliitwa Mama Pacha na kila mtu, mumewe akiwemo, kwa sababu ya mapacha wao ambao sasa walikuwa watu wazima wenye makwao. Nyumba ilipobaki na watu wawili na sufuria ndogo, mama wa watu alisema amechoka kuongea na kuta, akaenda kuomba kazi kituoni. Wakampa kazi ya kujaza viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche. Bwana Vidole alifurahi sana. Hatimaye mkewe angemwona akiwa kazini, maana nyumbani vidole vyake havikupewa heshima yoyote, vilitumwa kumenya viazi kama vidole vya mtu mwingine.

Mwezi wake wa pili kazini, Mama Pacha alikataa lundo. Lori lilikuwa limemwaga udongo, wenzake wameshaanza kujaza, yeye akachota kiganja kimoja, akakiminya, akakiminya tena, akasema, "Huu siyo ule wa juzi. Maji yatasimama juu." Wakamcheka. Mkuu wa kituo, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi waliyemwita Madamu, aliamuru viriba vitano vimwagiwe maji. Yakasimama. Na lundo lile lilikuwa limepitishwa asubuhi hiyohiyo na Bwana Vidole, kwa kuliangalia kwa mbali tu, bila kushuka kwenye gari.

"Nilikuwa na mafua," akaeleza. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kuanzia hapo, Madamu akawa kila udongo ukiletwa anasema, "Mwiteni na Mama Pacha." Neno hilo "na" lilimkera Bwana Vidole kuliko tusi. Mwanzoni alijifanya anaona fahari. Alipopita kwenye vitalu akasikia wanamsifu mkewe, alicheka kwa sauti akasema, "Mnadhani anafundishwa na nani?" Lakini roho ilikuwa inamuuma, na haikumuuma kidogo. Alihesabu mara ambazo Madamu alimtaja mkewe kwa siku. Alihesabu pia mara ambazo alitajwa yeye, na hesabu hiyo ilikuwa fupi. Siku dereva alipomfungulia Mama Pacha mlango wa mbele wa gari na kumwambia yeye, "Mzee, panda nyuma na majembe, si unajua mama hawezi vumbi," alikaa huko nyuma njia nzima, akimwangalia mkewe kwenye kioo akicheka na dereva.

Na usifikiri alikuwa akimwonea wivu dereva. Dereva alikuwa hana meno ya mbele na hakumtia wasiwasi mtu. Alikuwa akiionea wivu mikono ya mkewe. Walipokaa kula aliitazama ikivunja chakula, mikono aliyoijua miaka yote, iliyofua nguo zake na kuogesha watoto wake, akajiuliza ilijifunza lini. Yeye alipigwa rula kwenye vifundo na mpimaji wa zamani aliyemfundisha kazi, miaka mitatu mizima, ndipo akaanza kuutambua udongo. Huyu kajaza viriba miezi minne tu! Haikuwa haki, na kibaya zaidi hakuwa na mtu wa kumshitakia, kwa kuwa mtu aliyekuwa akimweleza machungu yake siku zote alikuwa ni huyohuyo mkewe.

Basi ikaja kazi ya mteremko. Upande mmoja wa mlima, chini kidogo ya msitu, palikuwa pamebaki peupe, na kituo kilitakiwa kupanda miti upya kuanzia ukingo wa msitu hadi bondeni. Ilikuwa miche ya aina tatu, na kila aina na udongo wake. Ukiuweka mche wa tifutifu kwenye mfinyanzi, mizizi inaoza na unajua habari hiyo mwakani. Kulikuwa na mamia ya mashimo ya kupima, maabara isingeweza yote. Madamu akaamua hivi: yachimbwe mashimo kumi ya majaribio. Bwana Vidole atayapima kwa mkono, Mama Pacha atayapima kwa mkono, kila mmoja na karatasi yake, bila kuonyeshana. Udongo uleule utapelekwa maabara. Ambaye majibu yake yatalingana zaidi na ya maabara ndiye atakayeongoza upimaji wa mteremko wote, na jina lake ndilo litakaloandikwa kwenye ramani.

Kwenye ramani! Miaka ishirini na miwili, jina la Bwana Vidole halijawahi kuandikwa popote ila kwenye orodha ya mahudhurio.

Jioni ya kuamkia siku ya kupima, Mama Pacha alikuwa jikoni akipepeta mchele. Mumewe alikuwa kwenye kigoda mlangoni, amenuna bila sababu ya kutajika.

"Baba Pacha," akaita, "hebu nisaidie kitu. Ule udongo wa juu, wa karibu na msitu, nikishaulowesha niukande kwa muda gani?"

Swali hilo lilikuwa ndilo lenyewe. Hapo ndipo palipokuwa na siri yote ya kazi. Udongo wa mteremko ule una tabia ya kumdanganya mtu. Unakuja mkononi ukiwa chembechembe laini, zimeshikamana kwa mboji, unaapa kuwa ni tifutifu. Lakini baadhi yake, ukiendelea kuukanda, chembe zinapasuka moja moja, na ndani yake mnatoka mfinyanzi mtupu. Kwa hiyo mtu anakanda mpaka mkono umchoke, kisha anakanda tena. Halafu anausukuma kwa dole gumba utoke utepe. Utepe wa tifutifu hukatika mapema, hauzidi upana wa vidole viwili. Utepe wa mfinyanzi unaning'inia kama mkanda wa suruali. Rula ya mpimaji wa zamani ilikuwa ni kwa ajili ya hilo tu: asikande kidogo.

Bwana Vidole alikohoa. "Ukishakuwa donge, inatosha," akasema.

"Basi?"

"Basi. Usizidishe. Udongo ukikandwa sana unachoka, unaanza kusema mambo yasiyokuwepo."

"Kumbe," akasema Mama Pacha, akaendelea kupepeta. "Ahsante, mume wangu. Ningeuharibu."

Usiku huo mke alilala fofofo. Mume aligeuka huku na huku kama chapati.

Siku ya pili yake walipanda mlima. Mashimo yalikuwa yamechimbwa kwa mstari kutoka ukingo wa msitu kushuka chini, kuta zake zimekatwa wima ili tabaka zionekane. Mashimo kuanzia la kwanza hadi la tano hayakuwa na ubishi, tifutifu safi, mweusi juu na kahawia chini, mizizi ikining'inia ukutani kama nyuzi. La sita ndilo lililokuwa na mambo. Kwa macho lilikuwa ndugu wa yale matano. Bwana Vidole alikanda, akakanda, mkono ukawaka moto, na polepole akasikia chembe zinapasuka na udongo unaanza kunata. Utepe ukatoka mrefu. Akaandika: mfinyanzi. La saba na la nane vivyo hivyo; la tisa na la kumi hayakuwa na mtego.

Kila akitoka shimoni, mkewe aliingia. Yeye alisimama juu akijifanya anafunga kamba za viatu, akimpima kwa jicho la pembeni. Shimo la sita Mama Pacha alikaa sana, ameinama, mgongo kwake, hakuweza kuona mikono yake inafanya nini. Kisha mama akainuka, akajipangusa, akaandika kitu, akasita, akaandika tena, akasogea ukingoni atoke.

"Vipi?" akamuuliza.

"Tumeambiwa tusionyeshane," akajibu mkewe akicheka, akampa mkono amvute atoke.

Wiki tatu zikapita. Bwana Vidole alikuwa mpole nyumbani kupita kawaida. Alimenya viazi bila kutumwa.

Majibu yalipofika, Madamu aliwakusanya wote kwenye banda la vitalu akayasoma. Maabara imesema sita, saba na nane ni mfinyanzi. Bwana Vidole, kumi kwa kumi. Mama Pacha, saba. Watu wakapiga makofi, dereva akapiga mluzi, Bwana Vidole akainua mkono kidogo tu, kama mtu asiyejali.

"Mama Pacha," akasema Madamu, "mimi nilikutegemea wewe. Umekosea palepale wanapokosea wanafunzi, hukukanda vya kutosha. Nani kakufundisha kuishia njiani?"

Bwana Vidole aliona banda zima limekuwa dogo. Hakumwangalia mkewe. Alitazama bomba la maji lililokuwa likivuja kwenye kona, tone, tone.

"Hakuna," akasema Mama Pacha. "Ni mawazo yangu tu. Nilidhani udongo ukikandwa sana unachoka."

"Udongo unachoka?" Madamu, ambaye hacheki, akacheka. Banda zima likaangua kicheko. Dereva akasema udongo upewe likizo, ulipwe na nauli. Na Bwana Vidole naye akacheka. Ndiyo, alicheka pamoja nao, tena kwa sauti, kwa kuwa kunyamaza peke yake kungeonekana.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mama Pacha alianua nguo zilizokauka, akazikunja moja moja, akapanga mashati ya mumewe upande wake wa kitanda kama kawaida. Kisha akaketi kitandani.

"Baba Pacha, shimo la sita nilikanda."

Mumewe akaacha kufungua kamba za viatu.

"Nilikanda sana. Nilianza kama ulivyoniambia, donge, basi. Lakini vidole vilikataa kuacha. Nikaendelea, nikasikia unabadilika mkononi, ukatoka utepe mrefu hivi." Akaonyesha kwa mikono miwili. "Nikaandika mfinyanzi. Halafu nikakumbuka ulivyosema, kwamba ukichoka unasema mambo yasiyokuwepo. Nikasema, vidole vyangu vina miezi minne, vya mume wangu vina miaka ishirini na miwili. Nikafuta, nikaandika tifutifu. La saba na la nane hata sikujisumbua kukanda tena."

Nje kulikuwa na mtu anapita na redio. Walisubiri apite.

"Sasa nakuuliza mara moja tu, wala sitapiga kelele. Ulisahau, au ulikusudia?"

Alikuwa na "nilisahau" tayari ulimini. Umri wake ungelitetea neno hilo, mafua yangelitetea. Alimtazama mkewe usoni, akaona kwamba angeliamini. Akisema amesahau, mkewe ataamini, na kesho atamuuliza tena jambo jingine la udongo, na ataamini na hilo.

"Nilikusudia," akasema. "Nilikuonea wivu, Mama Pacha. Wivu mbaya."

Mkewe akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali," akasema. "Mume mwongo naweza kuishi naye, wenzangu wangapi wanaishi nao. Lakini vidole vyangu vingekuwa vinanidanganya, ningevipeleka wapi?"

Akachukua yale mashati aliyoyakunja, akamwekea mapajani ayapange mwenyewe kabatini, akatoka uani kunawa mikono.