Mbegu za Habuba

Cheti changu cha kilimo nilikitia fremu kabla sijanunua jembe. Hilo linatosha kueleza nilikuwa mtu wa namna gani mwaka 1972, nilipopelekwa Koboko, karibu na mpaka wa Sudan, kuwa bwana shamba na kupata chumba katika ua wa mjane mmoja wa Kinubi. Mji mzima ulimwita habuba, yaani bibi, nami nikamwita hivyohivyo. Mimi ni Mlugbara wa Ajia, mtu wa kanisa. Yeye hakukosa sala hata moja. Tulielewana kwa Kiswahili cha huku kwetu, ambacho hakijali ngeli lakini hufika kinakokwenda.

Uani, karibu na barabara, palikuwa na mwarobaini mmoja. Marehemu mume wake, aliyekuwa askari, aliuleta kutoka Sudan ukiwa mche ndani ya sufuria. Mtoto akishikwa na homa, awe wa mjini au wa vijijini Ludara, mama yake alikuja kwa habuba. Habuba alichuma majani, akayachemsha, kisha akakaa palepale mpaka mgonjwa amalize bakuli huku amekunja uso. Hakutaka malipo. Watu walimheshimu kwa mti ule, naye alijua hivyo.

Kisha barabara ikaanza kupanuliwa, na mti ukapakwa alama nyekundu ya kukatwa. Kwa bahati ulikuwa na matunda. Habuba aliokota yaliyoiva, akayamenya, akayaosha, akanionyesha mbegu: ndefu kidogo, laini, yenye ncha. Alipasua moja kwa ukucha.

"Kama ndani iko kijani, iko hai," alisema. "Lakini mbegu hii hapana ngoja mutu. Wewe panda leo."

"Ndiyo, habuba," nilimjibu, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Mimi msomi nilijua kuwa mbegu hukaushwa kwanza. Wiki hiyohiyo nikaitwa Arua kwenye mafunzo, nikaondoka nazo. Kwetu Ajia mama yangu alitundika mbegu za mtama juu ya meko, moshi uzilinde na wadudu, na mtama wake haukuwahi kukataa kuota. Nilipopitia nyumbani nikazifunga mbegu za habuba kwenye kitambaa, nikazitundika juu ya meko hayohayo, nikaenda kufundishwa habari za mbolea kwa mwezi mzima.

Niliporudi Koboko, mti ulikuwa umeshageuka kuni. Nilipanda zile mbegu kwenye makopo ya mafuta, nikamwagilia asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu vilevile. Siku moja habuba alipokwenda sokoni nilifukua moja, nikaipasua. Ndani ilikuwa ya kahawia, kavu kama tumbaku. Nikafukua zote, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa hivyo.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Jamaa za habuba kule Yei, ng'ambo ya mpaka, walikuwa na mwarobaini uliochelewa kuzaa mwaka ule, bado una matunda. Dereva wa lori angeweza kuleta matunda kwa siku mbili. Habuba mwenyewe aliwahi kunitajia mti huo. Ilihitajika sentensi moja tu: habuba, nimeua mbegu zako. Lakini cheti kilikuwa ukutani, nami niliona afadhali mti ukosekane kuliko mimi nichekwe.

Nyuma ya ofisi yetu Arua kulikuwa na mti tuliouita lira, wenye maua ya zambarau, ambao ni binamu wa mwarobaini. Majani yake machanga yanaweza kumdanganya mtu. Mbegu zake haziwezi, kwa sababu ni ngumu, zina mifereji, na katikati zina tundu. Kwa hiyo nilipotumwa huko niliziokota, nikahakikisha habuba hazioni. Nilizipanda katika makopo yaleyale wakati yeye yuko chumbani anasali. Hata leo naona aibu kuiandika sentensi hiyo.

Zikaota vizuri sana. Nilimpelekea mche ulionenepa kuliko mingine. Alishika jani, akalifikicha, akanusa, akaangalia lilivyogawanyika vijitawi. Kisha akaniangalia mimi.

"Asante, mwanangu," alisema. "Tupande."

Mti ulipopita urefu wa mtu, alikuja mama mmoja wa Ludara na mtoto mgongoni anayetetemeka kwa homa. Aliunyoshea mti kidole. Habuba akatikisa kichwa: "Hii iko ya kivuli tu. Dawa hapana. Peleka mutoto hospitali." Mimi nilikuwa hatua tano kutoka hapo, naziba pancha ya baiskeli, na sikuinua kichwa. Wakaja wengine wawili watatu, wakajibiwa vivyo hivyo, na baada ya hapo hawakuja tena. Ua ukapoa. Uso umeumbwa na haya, husema wahenga, ila haya yangu mimi ilikuwa ya kugunduliwa, si ya kutenda.

Mwaka 1979 vita vilipokaribia, watu wa Koboko walianza kuvuka kwenda Sudan. Asubuhi ya kuondoka habuba aliniita, akanitilia tasbihi mkononi. Ilikuwa ya mbegu ngumu zenye mifereji, zilizopitishwa uzi katikati, kwenye tundu zililozaliwa nalo. Mti wangu ulikuwa umezaa, naye alikuwa ameokota.

"Habuba, ulijua lini?"

"Siku ile ya jani. Mti hii mimi najua toka Sudan. Sisi natengeneza tasbihi na mbegu yake."

"Sasa mbona hukusema?"

Alikuwa anafunga fundo la mzigo wake, na hakuacha kulifunga.

"Mbegu kufa, hiyo iko kazi ya Mungu," alisema. "Mimi nilikuwa nangoja wewe useme."

Kisha akaniangalia, kama mtu aliyebakiwa na muda kidogo wa kungoja. Nje lori lilikuwa limeshawashwa. Nilibeba sanduku lake, nikalipandisha, nikamwambia safari njema.