Mwezi Uliochelewa Mlimani

Mwezi uliopita nilipanda Soni kumwona mdogo wangu, na kama ilivyo kawaida ya nyumba yetu ya zamani, ukungu ulikuwa umetangulia kufika. Tulikaa jikoni tukiota moto, mahindi yakiwa kwenye makaa, mara kijana wake akaingia ameinamia simu. "Shikamoo mama mkubwa. Jumamosi tunashuka Tanga na wenzangu, tunakwenda kuvua. Simu inasema maji yatatoka saa nne asubuhi." Alisema kama mtu anayetaja saa ya basi. Nikamuuliza kama anajua kuogelea. Akacheka, na mama yake naye akacheka. Mimi sikucheka, na chai ikanipoa mkononi. Wewe unayenijua unajua kwamba mimi si mtu wa kuacha chai ipoe.

Ngoja basi nikusimulie wewe. Mdogo wangu wakati ule alikuwa bado anabebwa mgongoni, habari hii anaijua nusunusu tu.

Kijijini kwetu, juu kidogo ya Soni, bahari haikuwa habari ya mtu yeyote ila bibi yangu. Yeye alizaliwa pwani, kwenye kijiji kimoja kati ya Tanga na Pangani. Babu alikuwa akishusha kabichi na karoti sokoni Tanga, ndiko alikomwona, akamposa, akampandisha mlimani. Bibi alijifunza Kishambaa mpaka akaweza kugombana nacho sokoni, ingawa majirani wakimsalimu "onga mshi" aliitikia kwa lafudhi iliyowafanya wageuke pembeni kucheka. Alijifunza kulima maharage kwenye mteremko ambao mbuzi mwenyewe anaufikiria mara mbili. Alijifunza kuvaa sweta mbili mwezi wa sita. Jambo moja tu hakuliacha: kuhesabu mwezi.

Kila jioni baada ya magharibi alitoka uani, akainua uso. Akiuona mwezi, alihesabu. Asipouona, alihesabu vilevile. Wapanda viazi walimpitia, wazee wa msikitini walimtuma mtu, na hata jirani yetu Mlutheri, ambaye mwezi haukumhusu sana, alikuwa akipita na ndoo yake ya maji anauliza kwa mazoea tu, "Bibi, leo mwezi ngapi?" Bibi alijibu bila kuacha alichokuwa akifanya. Nilikuwa najivuna shuleni kwa ajili yake. Wenzangu walikuwa na bibi wa kusuka ukili, mimi nilikuwa na bibi wa mwezi.

Hesabu ile ilikuwa na kazi yake. Shule zikifungwa mwezi wa sita, bibi alitushusha kwao kwa siku chache kutafuta pweza, na pweza hawafuatwi siku yoyote unayojisikia. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa mchanga kabisa, maji hujaa sana na kutoka sana. Hiyo ndiyo bamvua. Siku hizo mwamba wa nje unabaki wazi, na mkondo ulio kati ya mwamba na ufuko unakauka mpaka unavuka bila kulowesha goti. Katikati ya bamvua mbili kuna maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayatoki sana, na siku za maji mafu mtu mwenye akili anakaa nyumbani kusuka nywele. Kwa hiyo safari yetu yote, tangu kuomba ruhusa kwa babu hadi kufunga magunia ya viazi vya zawadi, ilipangwa na macho ya bibi.

Mwaka ninaousema, ukungu ulitukalia vibaya. Nguo zilikuwa zinanuka moshi na unyevu, kuni zinalia jikoni, na jirani ukimwita ng'ambo ya shamba anaitikia humwoni. Wiki nyingi hatukuona mbingu. Bibi alifuata kanuni aliyofundishwa tangu utoto: mwezi usipoonekana, kamilisha thelathini. Mwezi mmoja akakamilisha. Uliofuata nao haukuonekana, akakamilisha tena. Kumbe huko chini kwenye mbingu safi mwezi ulikuwa umeandama baada ya siku ishirini na tisa, mara zote mbili. Hesabu ya mlimani ikabaki nyuma siku mbili, na sisi hatuna habari.

Na mwaka huohuo ndio shangazi yangu alikuwa anaolewa. Alikuwa kitinda mimba wa bibi, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba kuni tangu utoto, na mdomo usiojua kupumzika. Bibi alikuwa amemwahidi mbele ya ukoo mzima kwamba siku ya harusi watu wa mlimani watakula pweza mkavu wa nazi, kama walivyokula watu kwenye harusi yake yeye. Mawifi walishaanza kupiga soga juu ya pweza huyo. Kurudi mikono mitupu kulikuwa hakufikiriki.

Siku chache kabla ya kuondoka, shangazi alirudi kutoka Mombo akasema huko mwezi unaonekana umeshakuwa mkubwa, unakaribia kujaa. Bibi alikuwa anachambua maharage. "Mombo walituazima mwezi wao lini?" akamjibu, na tukacheka wote, shangazi akicheka kuliko sisi.

Tulishuka na basi la asubuhi, mimi, shangazi na bibi. Kufika uwanda tukaanza kuvua masweta, na kufika pwani sikuwa na hamu ya kitu chochote isipokuwa madafu. Tulipokewa na mjane wa kaka yake bibi, ambaye bibi alimwita wifi na mimi nikamwita bibi wa pwani. Alitupikia wali wa nazi na changu wa kukaanga, tukakaa ufukweni kusubiri mwezi utoke. Kwa hesabu ya bibi, mwezi ulikuwa bado haujafika kumi na tano, kwa hiyo jua likizama ulipaswa kuwa juu tayari. Jua likazama. Tukaswali magharibi. Bahari ikabaki nyeusi. Bibi akasema kuna wingu huko mbali. Mimi niliangalia lile wingu sikuliona. Tuliswali isha, ndipo mwezi ukachomoza, mwekundu, umeshaanza kumeguka ubavuni.

Bibi wa pwani alisema kwa upole, "Wifi, kwetu huku ushaanza kupungua huo."

"Mliuona kwa macho, au mlisikia watu wakisema?" bibi akamuuliza.

Yule mama akajifunga kanga yake upya. Ni bibi aliyemfundisha mwamba alipoolewa pale, akamwonyesha mashimo ya pweza moja baada ya jingine. Adabu ilimziba mdomo. Shangazi alinibana kiwiko gizani, na siku ile hakufanya mzaha tena.

Asubuhi zilizofuata maji yalichelewa kutoka, na kila siku yalitoka kidogo kuliko jana. Wanawake wa kijiji walikwenda nasi siku ya kwanza. Siku ya pili walikuja wachache. Nyuma ya nyumba, pweza wetu walining'inia kwenye kamba, wadogo, wamejikunja, na kila nilipopita nilimwona bibi amesimama akiwaangalia. Hata kwa kaya yetu wenyewe wasingetosha, sembuse harusi.

Siku ya mwisho tulifika ufukweni peke yetu. Upepo wa kusi ulikuwa umeamka na sisi. Bibi wa pwani alitufuata mpaka mchangani akasema waziwazi, "Wifi, maji haya hayatoki. Leo hakuna mtu anayekwenda."

"Mimi nimezaliwa hapa," bibi akasema, akaingia.

Shangazi alinitazama, akaitazama bahari ambayo hakuwahi kujifunza kuiogelea, akamfuata mama yake. Nami nikashika kapu, nikawafuata. Maji ya mkondo, ambayo siku ya bamvua yangenifika kwenye vifundo vya miguu, yalinifika kiunoni. Bibi alisema yatapungua, tuvuke tu.

Mwamba wenyewe ulitokeza vipande vipande. Lakini pweza walikuwepo! Bibi aliingiza chuma chake cha kuchokolea kwenye shimo la kwanza akatoa pweza mnene kama mto wa kulalia, na pale pale uso wake ukawa wa msichana. Akatoa mwingine. Kapu likaanza kunivuta bega. Hatukuangalia nyuma. Mimi ndiye niliyehisi kwanza, kwa sababu jiwe nililosimama juu yake lilikuwa kavu, halafu likawa si kavu. Nikamwambia shangazi. Shangazi akageuka kuutazama mkondo, na rangi ya maji yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kijani iliyokolea.

"Mama. Maji yanarudi."

"Bado."

"Mama, nakwambia yanarudi!"

Bibi akainua kichwa. Nilimwona akiangalia mkondo, kisha jua, kisha mkondo tena, na nikaelewa kwamba mtu mzima anaweza kuogopa. Siku ya bamvua maji yanaporudi unakuwa na muda, kwa sababu yanaanzia chini kabisa. Siku ile yalianzia kiunoni.

Shangazi alikaa kitako juu ya mwamba. Alisema haingii, kwamba bora tubaki pale mpaka mtu aje na ngalawa. Bibi akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba mwamba huo utafunikwa wote na ngalawa ziko Pangani. Kisha akafanya mambo haraka haraka. Alivua kanga zake mbili na ya shangazi, akazifunga fundo, akajizungushia ncha moja mkononi na nyingine akamfunga shangazi kiunoni. Akanipandisha mabegani kwa shangazi. Akalichukua kapu, pweza wote wa harusi wakiwa ndani, akalitupa.

"Fikiria unapanda kwenu na mzigo wa kuni," akamwambia shangazi. "Usiangalie maji. Mimi nitakutafutia njia."

Tukaingia. Bibi alikuwa mbele, mara anaogelea, mara anasimama akichoma mchanga kwa chuma chake kutafuta pasipo na kina, na kanga imenyooka kati yao. Maji yalimfika shangazi kifuani. Yakamfika shingoni. Nilishika nywele zake kwa mikono yote miwili, na chini yangu miguu yake haikusita. Hatua za mlimani zile, za mtu aliyezoea kwamba ukisita mzigo unakuangusha. Wimbi likapita juu ya kichwa chake. Nikapiga kelele. Akaibuka, akatema maji, akaendelea. Jingine likapita. Safari hii alikawia kuibuka, na nikamwona bibi amesimama, ameukinga mkondo kwa kifua chake, anavuta ile kanga kwa mikono miwili na kulia kwa sauti, bibi yangu ambaye sikuwahi kumwona akilia, "Njoo mwanangu, njoo, njoo, njoo."

Tulitoka. Wanawake wa kijiji walikuwa wameingia hadi magotini kutupokea. Shangazi alinishusha, akapiga magoti, akatapika. Bibi alikaa mchangani na vidole vyake havikufunguka, ikabidi bibi wa pwani amfungue kimoja kimoja aitoe ile kanga. Hakuna aliyemlaumu. Naona ingekuwa nafuu kama wangemlaumu.

Kwenye basi la kurudi tulipita Mombo, tukaanza kupanda. Baridi ilipotugusa, bibi akamwambia shangazi, huku akitazama dirishani, "Nilijua tangu jioni ile ya kwanza. Mwezi ulipotoka tu, nilijua nimekosea. Niliona haya mbele ya wifi yangu." Shangazi alivua sweta lake, akamfunika nalo, akamwegemeza kichwa begani kwake. Walipanda hivyo mpaka Soni. Mimi nilikuwa nimekaa mkabala nao, nikajifanya nimelala.

Harusi ilifanyika. Watu walikula pilau ya ng'ombe na wakashiba, na pweza hakuna aliyemtaja, kwa sababu shangazi alikuwa ameshawaambia mawifi zake kwamba atakayemtaja ataliwa yeye.

Lakini jioni baada ya magharibi bibi hakutoka tena uani. Wazee wa msikitini wakituma mtu, alisema waulize redio. Jirani yetu aliendelea kuuliza kwa muda, akijibiwa kwa upole kwamba macho yamechoka, mpaka naye akazoea kupita kimya. Kwao bibi hakushuka tena, hata wifi yake alipofariki. Alitutuma sisi, akabaki na maharage yake. Yeye mwenyewe tulimzika kwenye mteremko ule ule, siku ambayo ukungu ulikuwa mzito mpaka waliobeba jeneza walikuwa wakiitana.

Nimeshalia sana juu ya siku ile ya mkondo, na kila nikilia nagundua kwamba silii kwa hofu. Bahari haikumchukua mtu yeyote kati yetu. Iliyochukuliwa ni sauti moja tu ya jioni, yenye lafudhi ya pwani, ikiwaambia watu wa mlimani leo ni mwezi ngapi. Laiti ningeisikia tena, bibi yangu, hata kama umekosea siku mbili.