Mwaitu aliponiambia nimrudishe driver wa zamani

Wakuu, salamu kutoka Machakos. Hii si ya kusimuliwa, ilinipata mwenyewe, na aibu haijaisha, kwa hivyo chekeni polepole.

Niko na cyber ndogo hapa town. Mashine ya design ni moja tu, hizo zingine ni za wateja kuchapa CV.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi ya dadangu Mwende, nilikuwa nimemaliza kijitabu cha misa. Mwaitu, yaani mamangu, alikuwa ametangazia kanisa lote kule Kalama kwamba kijana wake ndiye anatengeneza. Huyu ni mama ambaye akiulizwa kazi yangu hujibu, "Anakaa na makompyuta."

Nilitaka sana asijute.

Kabla sijaprint, message ikatokea: update ya graphics driver, ile programu inayoendesha picha kwenye screen, iko tayari. Nani alinituma kubonyeza? Mkono ulienda wenyewe.

Mashine ikajizima, ikawaka, nembo ikaonekana, halafu giza. Feni inazunguka, taa zinawaka, screen nyeusi ti. Na kijitabu kiko humo ndani peke yake. Ndiyo, najua, backup. Tusianze.

Nikabadilisha cable. Nikatoa RAM nikaisugua na rubber ya penseli, ile dawa yetu ya kila ugonjwa. Nikaanza kufungua power supply, kitu ambacho hakikuwa kimekosea mtu.

Saa tisa Mwaitu akapiga simu kuuliza vijitabu. Nikamwambia ukweli, kwamba driver mpya ameharibu kila kitu.

Sasa hapa mjue jambo moja. Niko na probox, na mpaka juzi iliendeshwa na Uncle Kyalo, ndugu yake Mwaitu. Nilimsimamisha kwa sababu alikuwa anasimama kusalimia kila mtu njiani, nikawa naendesha mwenyewe. Mwaitu hakuwa amenisamehe.

"Kumbe uliweka driver mpya na hukuniambia," akasema. "Mtoe. Rudisha yule wa zamani, huyo hakuwahi kukuharibia kitu."

Nilitaka kumweleza, kisha nikaweka bisibisi chini. Rudisha yule wa zamani. Wakuu, roll back! Saa nzima nasugua RAM na jibu liko Kalama.

Nikamshukuru, nikakata simu. Nikazima na kuwasha kwa nguvu mara tatu mpaka ukurasa wa marekebisho ukaja, nikaingia Safe Mode, Device Manager, Display adapters, Properties, Roll Back Driver. Restart.

Picha ikarudi, na Mwende huyo anatabasamu kwenye cover. Machozi yalinilenga, sifichi.

Printer ilikuwa bado inatema karatasi mlango ukafunguliwa. Uncle Kyalo, shati limepigwa pasi.

"Mamako amesema yule mpya amekushinda," akasema. "Ufunguo uko wapi?"

Ningeanzia wapi kueleza? Nikampa ufunguo, nikampa na boksi la vijitabu. Alifika Kalama jioni, amesalimia watu wote, na hakuna hata kimoja kilichokunjika.

Kesho yake kanisani nikamsikia Mwaitu akiwaambia wenzake kwamba kompyuta ilinishinda, akairekebisha yeye kwa simu.

Siwezi kubisha.

Nilichojifunza: usiguse update ukiwa na kazi ya watu mkononi, na kabla ya kushika bisibisi jiulize ni nini kilibadilika mwisho. Ninyi je, ni update gani iliwahi kuwaweka pabaya? Na mwenye anajua jinsi ya kumroll back mjomba anieleze. Ama basi, mwacheni tu.