Sauti ya Pili Isiyotulia

Mume wangu alikuwa mwalimu wa muziki, na Mtwara aliipenda kabla hata hatujafungua mizigo. Mimi sikuipenda. Nilikuwa muuguzi, nimezoea baridi ya milimani kwetu, na miaka ile ya sitini nilizunguka mle nyumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumamosi moja alinipeleka Msimbati, na kutoka hapo hadi Ruvuma inapoingia baharini. Alitaka nione maji yakijaa yanavyousukuma mto urudi ulikotoka. Niliona kweli. Maji ya udongo yaliyokuwa yakishuka yalisita, yakajizungusha kwenye mizizi ya mikoko, kisha yakaanza kupanda. Yeye alikuwa amefumba macho.

"Sikiliza, bibie."

Nilisikiliza. Ng'ambo, kwa Wareno, kukasikika mshindo. Kisha mwingine.

"Mwalimu, twende."

"Bado kidogo."

"Vita hiyo! Twende!"

Tuliondoka, yeye akigeuka nyuma kila mara. Wiki ileile akaanza kutunga.

Alitunga kwa ajili ya kwaya yetu ya kanisani: sauti nne, bila neno hata moja. Wanakwaya walipouliza maneno yako wapi, alijibu kwamba mto hauna maneno. Sauti ya kwanza ilikuwa bahari, ya tatu na ya nne mto. Sisi akina mama wa sauti ya pili tulikuwa mchanga. Noti moja tu, tangu mwanzo hadi mwisho.

"Hata mchanga husogea," nilimwambia mazoezini.

"Huu wangu hausogei."

Siku ya kuimba, ukumbi ulijaa. Bahari ikaja, mto ukasita, nasi tukashikilia noti yetu. Miguu ikaanza kuniwasha. Nikaikumbuka ile mishindo, nikakumbuka "bado kidogo" yake, na sauti yangu ikapanda yenyewe, ikashuka, ikatafuta pengine. Jirani yangu wa kulia alinipiga kiwiko. Wa kushoto, mama aliyeikimbia vita na kuvuka Ruvuma na wanawe, alinitazama kidogo, kisha akanifuata.

Mume wangu aliendelea kuongoza, uso umemkauka. Tulipofika nyumbani ndipo akauliza:

"Ulikuwa unaimba nini pale?"

"Sijui. Nilishindwa kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Kwenye ile noti. Na hapa Mtwara."

Alikaa kwenye kinanda bila kuvua koti. "Iimbe tena."

Sikuweza kuipata. Akabonyeza, "Hii?" Hapana. "Hii?" Hapana. Chakula kikapoa mezani. Mwishowe aliufuta ule mchanga wote, akaiandikia sauti ya pili njia nyingine, inayopanda na kugeuka kabla haijafika.

Ilikuwa ngumu. Wenzangu walinilaumu waziwazi, na tulipoiimba Pasaka tulipotea katikati hadi sauti ya nne ikanyamaza kutusubiri. Haikuimbwa tena.

Jioni hiyo ya Pasaka, kwa mara ya kwanza tangu tuhamie kusini, mume wangu aliniuliza kama ningependa kwenda kwetu kwa muda.

"Ukikaa peke yako utakula nini?"

"Nitakula mihogo. Nenda."

Nilikwenda. Nilikaa kwa mama yangu hadi masika yakaisha, nikashiba baridi, kisha nikaanza kuulizia basi la kurudi.